Cheti kinasema milioni kumi na moja, nyumbani naleta sita

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makorora hapa Tanga. Ni mtunza stoo wa kampuni moja ya hapa mjini, nina mwaka wa tatu sasa. Mshahara wangu ni shilingi 950,000 kwa mwezi, lakini inayoingia benki ni 551,750. Hiyo ndiyo mume wangu anayoijua, maana ujumbe wa benki ukiingia kwenye simu tunausoma pamoja.

Januari hii mhasibu aligawa karatasi kwa kila mfanyakazi: cheti cha malipo na kodi cha mwaka 2024. Kina namba tatu tu za fedha. Malipo ghafi 11,400,000. Kiasi kinachotozwa kodi 10,260,000. Kodi iliyokatwa 1,101,000. Nilikisoma ndani ya daladala, sikukielewa, nikakiweka kabatini na vyeti vya watoto.

Wiki iliyopita mume wangu alikuwa anatafuta kadi ya kliniki ya mdogo akakiona. Yeye ni mchuuzi wa samaki pale Deep Sea, na kwa hesabu humwambii kitu. Alichukua biki akaandika nyuma ya kile cheti: 11,400,000 toa kodi 1,101,000, inabaki 10,299,000. Chini yake akaandika 6,621,000, ambazo ndizo zilizoingia benki mwaka mzima. Akatoa. Ikabaki 3,678,000. Akaipigia mistari miwili chini, akakiacha cheti mezani, akaenda kuswali. Aliporudi akaniuliza neno moja tu: “Mama watoto, hizi unampa nani?”

Shangazi, sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo anakula, anashukuru, ananyamaza. Wifi yangu amekwisha kuja kuniweka kitako. Mama yangu mzazi naye anasema naibiwa na tajiri, niende TRA, mamlaka ya mapato, nikamshitaki. Mimi mwenyewe sijui nimwamini nani. Na hiyo 10,260,000 ya katikati inatoka wapi? Sijawahi kuiona maishani.

Nimekutumia picha ya cheti na ya slipu yangu ya Novemba. Naomba unisaidie, nyumba imeingia baridi.

Mtunza stoo, Makorora

*

Marahaba mwanangu.

Nilipoiona picha ya ile mistari miwili ya biki niliiangalia kwa muda, kwa sababu kwa miaka zaidi ya ishirini niliyoandaa mishahara, kwanza kwenye mashamba ya mkonge na baadaye hapa mjini, nimeyaona machozi mengi yaliyoanzia kwenye karatasi kama hiyo. Nianze na jambo litakalokutuliza: hesabu ya mumeo ni sahihi mpaka shilingi ya mwisho. Nawe hukusema uongo. Namba zenu nyote wawili ni za kweli, ila cheti hicho hakikuandikwa kwa ajili ya swali alilouliza.

Hicho ni cheti cha kodi. Kinasema mambo matatu tu: mwajiri alikulipa jumla gani, katika jumla hiyo kodi ilipigwa juu ya kiasi gani, na kodi yenyewe ilikuwa kiasi gani. Basi. Fedha iliyotoka kwenye mshahara wako kwa mlango mwingine wowote haimo humo. Anayekisoma akitoa kodi peke yake kwenye ghafi, atadhani kilichobaki kilifika mkononi, na hakikufika. Milango mingine imo kwenye slipu, kwa hiyo twende huko.

Slipu yako ya Novemba inaanza na 950,000. Chini yake kuna makato matano. NSSF, mfuko wa mafao ya uzeeni, 95,000, hiyo ni asilimia 10 yako, na mwajiri naye anatakiwa aongeze yake ili ifike asilimia 20. PAYE, ndiyo kodi ya mshahara, 91,750. Bodi ya Mikopo 142,500, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi, kwa sababu ulisoma chuo kwa mkopo wa serikali. Chama cha wafanyakazi 19,000, asilimia 2. Na la tano ni SACCOS ya kazini, yaani chama cha kuweka akiba na kukopa, 50,000. Toa yote hayo, inabaki 551,750, ile ile ya kwenye simu.

Sasa iache PAYE pembeni, maana mumeo ameshaitoa, uzidishe yale manne kwa miezi 12. NSSF 1,140,000. Bodi 1,710,000. Chama 228,000. SACCOS 600,000. Jumlisha kwa mkono wako mwenyewe, mwanangu, usinitegemee mimi. Utapata 3,678,000. Ndiyo ile ile aliyoipigia mistari miwili.

Hiyo 10,260,000 ya katikati nayo si fedha uliyowahi kuishika. Mchango wako wa NSSF unatolewa kwanza, kodi inakuja baadaye, ili usitozwe kodi juu ya akiba yako ya uzeeni. 950,000 toa 95,000 ni 855,000 kwa mwezi, mara 12 ni 10,260,000. Makato ya Bodi, chama na SACCOS hayapati upendeleo huo. Yanakatwa, lakini TRA inahesabu kama ulipokea kwanza ndipo ukalipa deni lako au ukaweka akiba yako. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea: wanadhani kila kinachokatwa kinapunguza kodi.

Na kodi yenyewe haipigwi kwa asilimia moja juu ya mshahara wote. Inapanda ngazi. Kwa viwango vilivyotumika mwaka 2024, 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, yaani 48,000. Kutoka 760,000 hadi milioni moja ni asilimia 25, na wewe kwenye ngazi hiyo una 95,000 tu, kwa hiyo ni 23,750. Jumla 91,750. Mara 12 ni 1,101,000. Mhasibu wako hakukosea.

Nikae kidogo kwenye ngazi hizi, maana nimewahi kumwona mtu na akili zake anakataa nyongeza ya mshahara. Alikuwa anapata karibu na 760,000 akaambiwa ataongezewa, akasema hapana, nitaingia kwenye asilimia 25 na nitarudi nyumbani na pungufu ya ninachopata leo. Tulimkalisha chini tukamwonyesha kwamba asilimia ya ngazi ya juu inakula kile kilichozidi tu, haishuki kugusa cha chini. Mtu ambaye kiasi chake cha kutozwa kodi kimevuka 760,000 kwa shilingi 10,000 anaongeza kodi ya 2,500 tu. Ukimsikia mtu kazini kwako anasema bora abaki chini, mweleze. Anajinyima haki yake kwa kutoelewa.

Sasa mumeo. Usimwendee na maneno ya TRA, mwendee na ya Deep Sea. Yeye anajua vizuri kuliko mimi na wewe kwamba nguru akipigwa mnada kwa 100,000, mvuvi harudi kwao na 100,000. Kuna ushuru, kuna barafu, kuna mafuta ya mashine, kuna mpagazi, kuna mgawo wa mwenye chombo. Mtu aliyesimama pembeni akisikia tu bei ya mnada atasema yule mvuvi ni tajiri. Cheti chako ni bei ya mnada na ushuru wa serikali, slipu ndiyo inayoonyesha barafu na mafuta. Keti naye, karatasi zote mbili mezani, mpe ile biki yake, na mwache ajumlishe mwenyewe yale makato manne. Mtu wa hesabu huridhika na hesabu aliyoifanya kwa mkono wake, maneno yako peke yake hayatamtosha. Na wifi yako asiwepo. Hili ni la watu wawili.

Nije kwa mama yako, na naomba umfikishie shikamoo yangu. Kwenye kodi hana sababu ya kwenda TRA kushitaki, kwa maana kiasi kilichokatwa ni sahihi. Lakini wasiwasi wa mzazi nisiupuuze, kwa sababu kuna jambo ambalo cheti na slipu haviwezi kuthibitisha. Vinathibitisha kwamba ulikatwa. Havithibitishi kwamba kilichokatwa kilifika.

Hili linaniuma mpaka leo, nitakueleza kwa nini. Mahali pamoja nilipowahi kufanya kazi, slipu zilitoka kila mwezi safi kabisa, NSSF imeandikwa, kila kitu kimeandikwa. Mzee mmoja wa karakana alipofika umri wa kustaafu akaenda kufuatilia mafao yake. Alirudi na karatasi ya michango mkononi, ameikunja mara nne, akanikabidhi bila kusema neno. Ilikuwa na mashimo: miezi saba hapa, miezi minne pale, mwaka mmoja karibu mzima mtupu. Alikatwa kila mwezi, nami ndiye niliyekuwa nikichapa zile slipu. Sikujua kwamba ofisi ya juu ilikuwa ikishikilia malipo kila biashara ilipoyumba. Ilichukua muda mrefu kulipwa, na mzee yule aliishi kwa wanawe akisubiri fedha ambayo ilikwisha kukatwa kwenye jasho lake. Sitaki likupate wewe ukiwa na miaka sitini, wakati dawa yake ni asubuhi moja tu.

Nenda ofisi ya NSSF hapo mjini, chukua kitambulisho cha NIDA na namba yako ya uanachama, uombe taarifa ya michango. Ni haki yako. Weka slipu zako upande mmoja na taarifa upande mwingine, ulinganishe mwezi kwa mwezi. Mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kwisha kupeleka mchango, kwa hiyo mwezi wa karibuni kutoonekana usikushtue. Mwezi wa Machi 2024 usipoonekana, hilo ni jambo. Na kila mwezi uone kiasi kizima, 190,000, yako na ya mwajiri. Ukiona 95,000 tu, uliza. Ukikuta shimo, anza na mhasibu kwa upole na kwa maandishi, ubaki na nakala. Asipokujibu, NSSF wenyewe wanao wakaguzi wa kumfuata mwajiri, nawe utakuwa na slipu mkononi.

Ndiyo maana slipu usizitupe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi ya malipo na makato yako, na kama kwenu zinatumwa kwenye simu, zihifadhi mahali ambapo simu ikiibiwa hazipotei nayo. Hicho cheti cha mwaka nacho ni haki, hutolewa Januari, na aliyeacha kazi katikati ya mwaka anakidai anapoondoka. Sehemu nyingi hawakitoi mpaka uombe. Kwenu kimetolewa bila kuombwa, na hilo ni jema.

Bodi ya Mikopo ifuatilie vivyo hivyo. Kwako ndilo kato kubwa kuliko yote, kubwa kuliko hata kodi, na deni lina mwisho. Omba taarifa ya deni lako ujue limebaki kiasi gani, na uangalie kama yale makato ya 2024 yameingia yote. Tangu mwaka 2021 ile tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, iliondolewa, kwa hiyo kila unachokatwa sasa kinapunguza deni kweli. Siku litakapokwisha, mshahara wako utaongezeka 142,500 bila kupandishwa cheo. Mwambie mumeo hilo pia, ni habari njema ambayo hakuna aliyempa.

Makato ya chama nitayapitia haraka: ama una fomu uliyosaini, ama kazini kwenu kuna makubaliano yanayowahusu hata wasio wanachama. Uliza ni lipi kati ya hayo. Kingine cha kuangalia kwenye slipu yoyote ni kile kisichopaswa kuwamo. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, iliyokuwa asilimia 3.5 mwaka 2024, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, asilimia 0.5, ni mzigo wa mwajiri peke yake. Kwako havimo, nimeangalia. Msomaji mwingine akivikuta vimekatwa kwenye mshahara wake ana sababu ya kudai.

Kwenye picha ya cheti nimeona kitu kingine. Jina lililoandikwa si lile ulilotumia kuniandikia. Nadhani ni jina la kabla ya kuolewa, au ni kinyume chake. Hakikisha jina kwenye cheti, kwenye TIN (namba yako ya mlipakodi), NSSF na NIDA ni moja. Kosa la herufi moja leo linarekebishwa kwa dakika chache. Miaka thelathini ijayo litakupeleka kwa wakili kula kiapo kwamba wewe ni wewe.

Nimeiacha SACCOS mwisho kwa makusudi.

Barua yako ndefu, mwanangu, imeeleza mpaka kadi ya kliniki, lakini SACCOS haikutajwa hata mara moja. NSSF hukujua, kodi hukujua, hilo naliamini. Lakini SACCOS haikati mtu bila yeye kujiunga. Ulijaza fomu, ukaweka sahihi, na kila mwezi kwa mwaka mzima 50,000 ilienda huko. Nahisi mumeo haijui, na nahisi ndiyo sababu alipouliza swali lake ulikosa jibu. Ulijua kuna sehemu ya ile fedha unayoijua.

Sikulaumu. Fedha ile ni yako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua mke aliyeolewa kuwa na haki ya kumiliki mali yake sawa na mume, na katika dini yetu pia mali ya mke ni ya mke. Mwanamke kuwa na akiba yake si kosa, na mimi mwenyewe nilisomesha mtoto kwa akiba ya namna hiyo. Lakini siku mtakapokaa na zile karatasi, mumeo atafika kwenye mstari wa tano, na yeye si mtu wa kuuruka mstari. Akiuona kabla hujausema, zile 3,078,000 nyingine ulizozieleza vizuri zitaingia doa kwa ajili ya hizi 600,000. Useme kwanza. Useme kabla karatasi hazijafunguliwa, kwa maneno machache: nimekuwa nikiweka akiba kazini, elfu hamsini kwa mwezi, na nilikuwa ninaiwekea jambo fulani. Jambo hilo unalijua wewe, sikuulizi. Kama ni paa la nyumba, sema paa. Kama ni woga wa kesho, sema woga, maana huyo ni mtu aliyeikuta hesabu haikai sawa na bado akaenda kuswali kwanza ndipo akakuuliza, kwa sauti ya chini, swali moja. Anastahili kujibiwa.

SACCOS yenu ina kitabu au taarifa ya mwanachama. Kachukue Jumatatu, hakikisha zimo 600,000 kamili za mwaka 2024, kisha ukiweke kabatini pale pale, juu ya kile cheti, asihitaji kukitafuta.

Ukitoka NSSF niandikie wamekupa nini. Miezi yote 12, nataka kuisikia yote.

Shangazi yako